CBR600F au SV650S: ipi ya kuishi nayo Dar es Salaam?

Mpwa wangu alinitumia picha mbili saa tano usiku. Ya kwanza ni Honda CBR600F ya mwaka 2002, nyekundu kwa nyeusi, imepigwa kwa mbele taa zikiwaka, nyuma yake geti la nyumba ya Mbezi Beach. Ya pili ni Suzuki SV650S ya bluu ya mwaka 2004, imeegeshwa chini ya mwembe na nusu yake imemezwa na kivuli. Bei zinakaribiana, tofauti haifiki laki tatu. Chini ya picha kaandika maneno mawili tu: "Anko, ipi?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Ila namjua kijana. Anaishi Tabata, kazi yake Posta, gari hana, na hela hiyo ameikusanya kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Akikosea hapa atarudi kugombania daladala huku pikipiki imelala ndani. Mimi nimekaa na zote mbili, CBR miaka minne na SV huu ni mwaka wa sita, kwa hiyo upendeleo wangu nautaja mapema ili ausome akiujua. Niliyomwandikia usiku ule yalikuwa mafupi na yamejaa makosa ya kidole gumba. Haya ndiyo marefu yake.

Karatasi inavyosema

CBR600F ilianza kuuzwa mwaka 1987, na hii ya mpwa wangu ni ya kizazi cha mwaka 2001, kilichoacha kabureta na kuingia kwenye nozeli. Wenyewe huiita F4i. Injini yake ni cc 599, silinda nne zimepangwa mstari mmoja, nguvu za farasi 110 hivi. SV650 ni mdogo kwa umri: ilitoka mwaka 1999 ikiwa na kabureta, ikapewa nozeli na fremu mpya mwaka 2003. Ni cc 645, silinda mbili tu, zimekaa mkao wa V wa nyuzi 90, nguvu za farasi kama 70. Herufi S mwishoni maana yake ni ile yenye kava la mbele na mikono ya stelingi iliyoshuka.

Wengi wanaishia hapo. 110 kwa 70, mjadala umefungwa, twende tukalipe.

Shuka mstari mmoja kwenye karatasi hiyohiyo. Nguvu ya kuvuta, ile inayokusukuma mgongoni taa ya kijani ikiwaka, ni takriban Nm 65 kwa CBR na Nm 64 kwa SV. Ni kama sawa. Kinachotofautiana ni mahali inapokaa. CBR inafika kileleni injini ikizunguka mara 10,500 kwa dakika, SV inafika kwenye 7,200 au zaidi kidogo. Sasa nionyeshe mtu aliyewahi kufikisha mizunguko 10,500 kati ya Buguruni na Ilala Boma, saa moja na nusu asubuhi, mbele yake bajaji na nyuma yake lori la mchanga.

CBR gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 100 kwa saa. Ndani ya mji mwisho ni 50. Ina maana pikipiki yenye gia sita utaishi nayo kwenye gia mbili za mwanzo, ukiwa chini kabisa ya pale inapoanza kuamka, na ukiiamsha kuna askari ameshika tochi. Sisemi ni mbaya. Nasema mashine ya namna hiyo mjini inakuwa kama mwanariadha anayesubiri kwenye foleni ya benki. SV inaitika mapema. Ukifungua resi kidogo tu kwenye gia ya tatu inaondoka bila kukuuliza, na sauti yake nzito chini ya tangi inakufanya uamini unakwenda kasi kuliko unavyokwenda. Kwa mtu wa miaka 26 mwenye mama anayemsubiri Tabata, hilo nalo lina faida.

Joto

Watu wakizungumzia hizi pikipiki huzungumzia mwendo. Mimi ningeanza na joto, kwa sababu hapa kwetu Januari na Februari saa za mchana hewa yenyewe ina nyuzi 32 na unyevu wa bahari juu yake, kabla hujawasha kitu.

Zote mbili zinapozwa kwa maji, zina rejeta na feni. CBR imevaa kava mwili mzima, hivyo ukiwa umesimama joto la silinda nne halina pa kwenda ila miguuni mwako. Kwenye kioo utaona namba inapanda, 95, 98, feni inawaka karibu na 100, kisha upepo wa moto unapuliza kwenye magoti. Pikipiki haina shida, imeundwa hivyo. Mwenye shida ni wewe uliyevaa suruali ya ofisini. Siku za Tazara kufungwa kwa msafara nilikuwa nazima injini na kuisukuma kwa miguu, na madereva wa bodaboda wakinicheka kwa haki kabisa: pikipiki kubwa namna ile, mwenyewe anasukuma.

SV iko wazi kiunoni, hewa inapita. Silinda yake ya nyuma iko chini ya kiti na paja la ndani utalihisi, lakini ukitembea mita hamsini tu limekwisha. Kwenye jambo hili hakuna kulingana.

Ila nisiifanye SV malaika. Ile S mwishoni inakulaza mbele kuliko watu wanavyotarajia, na uzito wa kifua unakaa kwenye viganja. Wiki ya kwanza nilikuwa nafika Posta siwezi kushika kalamu. Kwa ukaaji CBR imestaarabika zaidi, na hilo linamshangaza kila mtu kwa sababu kwa sura ndiyo inayoonekana ya mashindano. Niliishia kufunga stelingi iliyoinuka kwenye SV yangu, pamoja na kubadilisha mpira wa breki uwe mrefu. Mpwa wangu asipofanya hivyo atanipigia kulalamika, na nitamkumbusha aya hii.

Mvua za Machi hadi Mei

Hapa ndipo SV ina aibu yake, na anayeinunua Dar bila kuijua ataitukana bure.

Plagi ya silinda ya mbele iko nyuma ya gurudumu la mbele, inatazamana na kila tone la maji ya barabarani. Shimo inamokaa plagi lina kijitundu pembeni cha kutolea maji. Kijitundu hicho kikizibwa na matope, maji yanajaa kuizunguka plagi, umeme unapotea, na pikipiki inabaki na silinda moja. Inatembea, lakini kama mtu mwenye kichomi: inakohoa, haina nguvu, na ikikauka saa mbili baadaye inapona yenyewe. Fundi asiyelijua hili atakubadilishia koili, waya, hata pampu ya mafuta, na kila mara utaamini amepona mgonjwa kwa sababu jua limewaka.

Dawa ni ya dakika ishirini. Kabla ya masika, pitisha waya mwembamba kwenye kijitundu, puliza kwa mashine ya upepo ya wazibaji pancha, paka grisi ya umeme kwenye kofia ya plagi, halafu ongeza kipande cha raba chini ya madigadi ya mbele kishuke kuelekea lami. Fundi kandambili yeyote atakukatia raba hiyo kwenye tairi bovu. Mimi hulifanya kila mwisho wa Februari, sawa na mtu anayezibua mifereji ya bati.

CBR haina tatizo hilo, plagi zake ziko juu, chini ya tangi, kavu. Lakini kufika kwenye plagi hizo kavu ni lazima uinue tangi na kutoa boksi la hewa, na ziko nne, za iridiamu, si za bei ya plagi ya Boxer. SV ni mbili za kawaida, NGK CR8E, ingawa ile ya mbele nayo itabidi usogeze rejeta. Kila mtu na msalaba wake.

Maji ya Jangwani ni habari nyingine na hayachagui kampuni. Yakifika kwenye ekseli ya gurudumu, geuza.

Kitu kimoja cha pwani kinachosahaulika ni chumvi. Pikipiki iliyokaa Kigamboni au Kunduchi bila kufunikwa, soketi za waya zinaota ukungu wa kijani kabla rangi haijaonyesha lolote. Nikienda kuangalia pikipiki iliyotumika hapa mjini naanza na soketi, rangi baadaye. Rangi inapulizwa Gerezani kwa siku moja.

Spea, yaani ndoa yenyewe

Ukishuka Kariakoo leo na orodha ya spea za Boxer au TVS utarudi na kila kitu kabla ya adhuhuri, na chenji ya juisi ya miwa. Ukishuka na orodha ya CBR600F au SV650S utajifunza kugawa orodha hiyo sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni vitu vyenye namba za dunia nzima. Beringi za magurudumu: toa ya zamani, soma namba iliyochongwa ubavuni, wauza beringi wanayo, hawahitaji kujua ni ya pikipiki gani. Sili nyingi ni hivyohivyo, kwa vipimo. Maji ya breki, balbu, fyuzi, betri. Oili pia, ila hapa simama kidogo: klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, kwa hiyo kopo lazima liwe limeandikwa JASO MA au MA2. Ukimimina oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza mkwaruzo ili ibane mafuta, klachi itaanza kuteleza. Inayotosha ni 10W-40 ya kawaida. SV inakunywa lita mbili na ushee, CBR karibu lita tatu na nusu. Kwa mwaka tofauti hiyo unaiona.

Sehemu ya pili ni vitu vinavyopatikana ukibahatika: brekipedi, cheni ya namba 525 ambayo zote mbili wanaitumia, chujio la oili. Ukiviona nunua viwili.

Sehemu ya tatu haipo Kariakoo, haitakuwepo, na anayekuambia "njoo kesho" anakupotezea nauli. Humo mna vipande vya kava, kikaza cheni ya ndani ya injini, rektifaya, sproketi, na tairi. Vinaagizwa Japani, Uingereza au Dubai, na kodi yake inakungoja mzigo ukitua. Pikipiki inakaa ndani wiki tatu kwa kitu cha ukubwa wa kiberiti.

Kwenye sehemu hii ya tatu SV ina faida ambayo tangazo la kuuza haliwezi kuionyesha. Injini yake haikufa. Suzuki iliichukua ikaiweka kwenye V-Strom 650 kuanzia mwaka 2004, ikaendelea kuiboresha na kuiuza miaka mingi baadaye, kwa hiyo vitu vingi vya ndani bado vinatengenezwa, na vilivyotumika vimejaa duniani. Si kila kitu kinaingiliana, linganisha namba ya spea kwanza. CBR600F ya kizazi hiki ilipoa baada ya CBR600RR kuingia mwaka 2003, Honda ikaelekeza macho huko. Halafu kuna mtego: mwaka 2011 Honda ilirudisha jina CBR600F kwenye pikipiki tofauti kabisa, iliyojengwa juu ya Hornet. Jamaa yangu aliagiza brekipedi na chujio kwa kuandika jina bila mwaka. Chujio lilimfaa. Kuhusu brekipedi tusimkumbushe.

Yapo magonjwa mawili yanayojulikana dunia nzima na ni vizuri kuyajua kabla ya kupeana mkono.

CBR ya F4i: kikaza cheni ya kamshafti. Kikichoka, injini inatoa mlio kama kokoto kwenye kopo la maziwa, kuanzia sailensa (injini ikiunguruma bila resi) hadi mizunguko 4,000 hivi, kisha unapotea. Muuzaji atakuambia "zote zinalia hivyo". Kweli, nyingi zinalia, kwa sababu nyingi hazijabadilishwa. Ni kifaa kidogo, kazi ya saa moja, lakini ni cha sehemu ya tatu.

Zote mbili: rektifaya, kile kifaa cha alumini chenye mapezi kinachosimamia chaji. Kwa pikipiki za miaka ile joto linakiua, na joto ndilo tunalo. Kikifa kinaweza kuacha betri bila chaji, au kinaweza kufanya kibaya zaidi, kupeleka umeme mwingi kupita kiasi. Lilinikuta kwenye pikipiki nyingine ambayo si kati ya hizi, narudi kutoka Chalinze, taa zikawa njano, kisha rangi ya chai, kisha giza, nikamalizia Kibaha nikifuata taa za nyuma za basi. Kipimo chake ni mita ya umeme ya elfu chache: injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000, kwenye nguzo za betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikisoma 12 inakufa. Ikisoma 16 inaua.

Na fundi? Fundi wangu wa Ilala ni hodari wa Boxer kuliko waliomtengenezea, lakini mara ya kwanza kufungua kava la CBR alinyamaza dakika nzima. Valvu 16 zinazopangwa kwa visahani vya chuma, kila kimoja na unene wake, zinahitaji fila, mikromita na utulivu. SV zina 8. Mwaka unaofika wa kupima valvu (kila kilomita 24,000 na ushee kwa zote mbili) utalipia kazi hiyo nusu, na uwezekano wa kukosea nao ni nusu. Jambo ambalo lazima umwambie fundi kwa mdomo, hata kama ni mkubwa kwako: "Shikamoo fundi, boliti hii inaingia kwenye alumini, tafadhali usiikaze kwa hasira." Injini za hizi pikipiki nyingi nilizoziona hapa mjini hazikuuawa na mwendo. Ziliuawa na spana ndefu kwenye boliti ya kumwagia oili.

Tairi

Zipitie haraka lakini usiziruke. CBR inavaa 120/70 mbele na 180/55 nyuma, vipimo ambavyo karibu kila pikipiki ya aina hii duniani inavaa, kwa hiyo kuagiza ni rahisi. SV inavaa 160/60 nyuma, nafuu kidogo, lakini mbele ni 120/60, kipimo adimu, na watu wengi huishia kuvaa 120/70. Kwenye ubavu tafuta namba nne ndani ya kiduara: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya mwaka huo hata ikiwa na meno yote imeshakuwa plastiki. Kwenye lami yenye maji na oili ya daladala haishiki kitu. Ingiza bei ya jozi mpya kwenye hesabu yako kabla hujataja bei yako kwa muuzaji.

Ukitoka mjini

Nimeisema CBR vibaya muda mrefu, acha nilipe. Jumapili alfajiri, umepita Kibaha, umepita Chalinze, barabara inakwenda Morogoro na milima ya Uluguru inaanza kujichora mbele. Hapo ndipo utaelewa kwa nini watu wanateseka nayo wiki nzima. Kava lile lililokuwa linakupika Tazara sasa linakukinga upepo. Shokapu za mbele unaweza kuzirekebisha kwa uzito wako, na ikipita kwenye rasta inatetemeka mara moja na kutulia. Kufika Morogoro, kilomita kama 190, hujachoka.

SV inafika pia. Lakini shokapu zake za mbele ni za bei rahisi, ukibana breki ghafla inapiga magoti, na kwenye mwendo wa safari upepo unakukuta kifuani. Niliwahi kwenda nayo na kurudi siku hiyohiyo, na Jumatatu nilitembea kama mzee wa mirathi. Mafuta: SV kwangu inatembea kilomita 20 kwa lita au zaidi ukiwa na adabu, CBR 16 hadi 17. Matangi ni lita 17 na 18.

Kwa hiyo swali lenyewe si ipi nzuri. Ni Jumapili ngapi utakwenda Morogoro, na asubuhi ngapi utapita Buguruni. Mpwa wangu nilimwambia ahesabu. Alinijibu: "Jumapili moja kwa mwezi, labda." Basi ni asubuhi 22 kwa alfajiri moja.

"Na za mia nne je?"

Nilijua ataniuliza. Zipo CBR400RR na ndugu zake za miaka ya 1990, zilizotengenezwa kwa sababu leseni ya kati ya Japani inaishia cc 400. Ni nzuri kama saa ya mkononi, na ni tabu kama saa ya mkononi: kabureta nne ndogo ndogo, umri wa miaka thelathini, na nguvu ambazo viwanda vya Japani vyenyewe vilikubaliana zisizidi farasi 59, baadaye 53. Ukitaka pambo la sebuleni, nunua.

Kabla ya kutoa hela

CBR ningemshauri mtu mwenye usafiri mwingine, mwenye mahali pa kuifungia, na asiyekasirika mzigo ukichelewa bandarini. Mtu huyo ataipenda miaka kumi. Mpwa wangu si mtu huyo, bado. Kwake ni SV. Lakini kuna jambo moja linalopindua yote niliyoandika: pikipiki ya miaka ishirini haina tena tabia ya kiwanda chake, ina tabia ya mwenye nayo wa mwisho. CBR iliyotunzwa ni bora kuliko SV iliyopigwa.

Ndiyo maana nilizikuza zile picha. Ya CBR: cheni ina kutu ya machungwa, na kava la kushoto lina mng'ao tofauti na la kulia, yaani limewahi kulala ubavu huo. Ya SV: kivuli cha mwembe kimeficha upande wa bomba la moshi, na picha kumi alizotuma muuzaji baadaye hakuna hata moja ya upande huo. Pengine bahati mbaya tu. Pengine.

Kilomita za SV zinasoma 24,000. Niliomba picha ya karibu ya dashibodi, na hapo chini ya namba kuna neno dogo: maili. Imetoka Uingereza. Kwa hiyo ni kilomita zaidi ya 38,000, ambazo kwa injini ile si nyingi, ila si 24,000, na bei lazima ilijue hilo.

Upande wa makaratasi alishafanya mwenyewe, na kwa hilo nimempa heko. Kadi ina jina la anayeuza, si la "kaka yake aliyesafiri". Namba ya fremu na ya injini atazilinganisha na kadi kwa tochi ya simu. Deni la faini za barabarani ameliangalia mtandaoni kwa namba ya MC. Funguo amezikuta mbili, na kwa pikipiki za soko la Ulaya ulizia hilo kabla ya lolote, kwa sababu Honda hizi za huko zina funguo zenye chipu na kuipoteza ya mwisho ni msiba. Leseni yake ni daraja A1, ya pikipiki ndogo, kwa hiyo anatakiwa kupanda hadi A kabla ya kukaa juu ya cc 645. Bima ndogo ni lazima, kubwa nimemwachia aamue. Na nimemwambia robo ya bei ya pikipiki ibaki benki kwa ajili ya tairi, cheni na vile vitu vya sehemu ya tatu. Alinuna. Kisha akaiondoa kwenye hesabu kofia ngumu aliyokuwa ameichagua, nikamwambia hapana, kofia ibaki, ondoa jaketi lenye nembo.

Tunakwenda Jumamosi saa moja asubuhi. Mita ya umeme iko kwenye begi, betri yake nimebadilisha. Muuzaji nimempigia mwenyewe na kumwomba kitu kimoja, asiiwashe hadi tufike, nataka niguse injini ikiwa baridi. Alikubali haraka mno. Nitaigusa kabla hata ya kumsalimia.